Auza CD 412 za muvi kwa mkupuo, mkewe ahesabu na kukuta pungufu 14

Tangazo lilikuwa fupi: "CD za muvi 412, zina kava zake, Bongo Movie na za kutafsiriwa. Zinauzwa ZOTE KWA PAMOJA, hatuchambui. Laki 6, maongezi yapo. Tabata." Chini yake picha tatu: maboksi mawili ya mafuta ya kula, CD zilizotandazwa kitandani kama karata, na kwenye kona ya picha ya tatu, mguu wa mtoto.

Mwenye mali ni dereva wa bajaji. Ila ukikutana na watu wa Mwananyamala wa miaka ile, watakwambia huyo si dereva, huyo ni mzee wa CD. Kuanzia 2006 hadi 2014 alikuwa na kibanda cha kukodisha muvi: mlango mmoja, rafu tatu, daftari la madeni na TV ya chogo iliyokuwa inawaka kutwa kucha. Mia tano kwa siku. Ukichelewa kurudisha, unalipa tena mia tano, na jina lako linasomwa kwa sauti mbele ya wateja wengine.

Kisha zikaja flashi, watu wakaanza kujaziwa muvi kumi kwa bei ya soda mbili. Kisha simu. Akafunga mlango. Lakini CD hakuziacha. Wamehama nyumba za kupanga mara nne tangu hapo, na kila wakihama yale maboksi yanapanda kwenye kirikuu kabla ya godoro. Mkewe alishazoea. Boksi moja aliligeuza meza ya kuwekea pasi.

Kilichomfanya auze ni injini. Bajaji anaendesha kwa mkataba: kila siku hesabu ya elfu ishirini kwa bosi, akimaliza mkataba chombo kinakuwa chake. Ilikuwa imebaki miezi mitatu tu. Anayejua mikataba hii anajua pia kifungu kile kidogo, kwamba matengenezo yote ni ya dereva. Siku hiyo injini ikaanza kutoa moshi mweupe pale Buguruni, ikakohoa mara mbili, ikafa. Fundi akafungua, akatikisa kichwa: pistoni, ringi, silinda, beringi za kranki. Laki tatu na themanini, na ufundi ndani. Bosi alimsikiliza kwenye simu mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba Jumamosi akikuta chombo bado kimelala gereji, atampa kijana mwingine. Miezi yote aliyolipa ingeishia hapo.

Kwanza alijaribu kuuza mojamoja, elfu tatu tatu. Siku mbili nzima akawa anajibu "ipo bado?" kutoka kwa watu ambao ukiwajibu "ipo" hawarudi tena. Mmoja alitaka ya Kanumba, apelekewe Mbagala, kwa elfu mbili. Bodaboda peke yake ingekula mara tatu ya hiyo. Mwingine akaja na hoja tamu: "Kaka nichagulie ishirini kali, nakupa sitini keshi." Jamaa akawa ameshainama kwenye boksi anachagua.

Mkewe ndiye aliyemzuia. Yeye anauza blauzi za mitumba Karume, na kwenye belo amesoma mambo ambayo huwezi kufundishwa chuo chochote. Belo likifunguliwa, ndani kuna nguo kumi au kumi na tano zenye roho, hizo ndizo zinarudisha mtaji. Zinazofuata ni za kawaida, ndiyo faida. Zilizo chini ni za kusukumia siku za mvua. Ukimruhusu mteja wa kwanza achague, amekununulia mtaji na kukuachia mzigo.

"Baba, hapo unamfungulia mtu belo bure," alimwambia. "Atatoa zile ishirini zenye jina, wewe utabaki na mia nne za kuwekea pasi. Uza zote au usiuze."

Usiku huo wakaanza kuhesabu. Jumla zilikuwa 530. Mke akasema za kuchoma zitoke, pamoja na zile za Kichina za muvi ishirini kwenye CD moja. Zikatoka 118. Za kutafsiriwa, zile ambazo sauti ya marehemu Lufufu inafunika wazungu wanapigana bastola na yeye anakueleza nani mwizi na nani polisi, zilikuwa na kava zilizochapwa, zikapita. Ukianza kuuliza nani alikuwa na haki miliki ya zile, kutakucha.

Zikabaki 412. Ndipo ikaja kazi yenyewe.

Mtu aliyezaliwa na simu mkononi hawezi kuelewa kwa nini muvi moja iwe na Part 1 na Part 2, kila moja na kava lake, kila moja na bei yake. Sababu mojawapo ni ile CD yenyewe. Zile za zamani, VCD, zinabeba dakika kama 74 za picha, zikizidi sana 80. Muvi ya saa mbili haiingii. Halafu wasambazaji wakagundua utamu: mtu aliyeishia pale binti anapofungua mlango na kumkuta mumewe na mdogo wake, kesho lazima arudi na hela nyingine. Basi hata hadithi ya saa moja ikavutwa ifike Part 2, watu wanatembea kutoka kwenye gari mpaka mlangoni kwa dakika nne.

Kwa muuzaji wa jumla maana yake ni moja tu: Part 1 isiyo na Part 2 ni takataka. Wakakaa chini, mkeka katikati, watoto wamelala, wanaoanisha. Mume anataja, mke anatafuta. Walizipima pia. CD unaiinua kwenye taa. Mikwaruzo ya upande unaong'aa haitishi sana, unaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, unafuta kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha kama unaosha sahani. Kinachoua ni tundu la upande wa maandishi, kwa sababu utando unaoshika picha uko hukohuko juu, chini ya rangi. Ukiona mwanga unapenya kama nyota, hiyo imekwenda. Za hivyo hazikuwa nyingi. Jamaa alikuwa anazitunza kuliko viatu vyake.

Kwenye muvi moja ya mapenzi mke alisimama. Akacheka. Alipokuwa binti wa miaka ishirini alikwenda kukodi hiyo Part 1, akairudisha kesho yake asubuhi akitaka Part 2, na mwenye kibanda akamwambia iko kwa mteja. Keshokutwa iko kwa mteja. Siku ya tatu iko kwa mteja. Siku ya nne akaipata, na namba ya simu ya mwenye kibanda imeandikwa ndani ya kava.

"Ilikuwa kwa mteja kweli?"

"Ilikuwa chini ya mto wangu," mume akajibu. Akaziweka zote mbili kwenye boksi.

Mnunuzi alijitokeza siku iliyofuata, na hakuwa mtu wa Dar. Alipiga kutoka Ukerewe, kwenye kisiwa kidogo ng'ambo ya Nansio, kambi ya wavuvi wa dagaa. Ana banda umiza, sola, TV moja na deki ya zamani ambayo tundu lake la flashi lilishakufa, inakula CD tu. Bando la kupakua muvi kule ni anasa na mtandao wenyewe unakuja na upepo. Akaeleza biashara yake: dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukijaa, taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi, mitumbwi inapumzika na wavuvi wanakaa nchi kavu, hela ya wiki tatu iko mfukoni na hawana pa kwenda. Hapo ndipo banda linajaa. Na mwezi ulikuwa unakaribia kujaa.

"Kaka, Part 2 zote zipo?" aliuliza. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza, kabla ya bei. Mtu wa kazi unamjua kwa swali lake la kwanza. "Maana wavuvi si watu wa kuwaambia muvi itaendelea."

La pili lilikuwa: za Kanumba zipo ngapi? Akaambiwa muvi saba, Part 1 na Part 2, yaani CD 14. Wakakubaliana laki nne na nusu, nauli ya basi juu yake. Laki mbili akatuma palepale na ya kutolea akaweka, nyingine atamalizia akiona picha ya risiti ya mzigo. Katika nchi ambayo kila mtu ameshatumiwa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mtu kutuma laki mbili kwa asiyemjua si jambo dogo. Alisema aliangalia picha za tangazo, akauona ule mguu wa mtoto, akaona hapa pana familia.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Jioni ileile jamaa alipata ujumbe mwingine. Kijana wa Sinza, anakusanya kazi za Kanumba orijino, zenye stika na kava halijachanika. Za aina hiyo si rahisi kupata. Kanumba alipofariki Aprili 2012 na mji mzima ukamiminika Leaders Club kumuaga, watu walizigombania madukani, na zilizobaki kwenye vibanda vya kukodisha zimechakaa. Huyu kijana alikuwa tayari kutoa laki na arobaini kwa zile 14 tu. Elfu kumi kwa CD moja! Akatuma elfu hamsini ya kishika uchumba.

Jamaa akapiga hesabu kichwani. Laki nne na nusu ya Ukerewe, jumlisha laki na arobaini ya Sinza. Yule wa kisiwani ana CD 412, atahesabu saa ngapi? Na akihesabu, atarudi Dar kwa mtumbwi? Ile elfu hamsini akaipeleka kwa fundi usiku huohuo, pistoni ikanunuliwa. Zile 14 akazifunga kwenye fulana, akazisukuma nyuma ya kabati. Hakumwambia mkewe. Hapo ukimuuliza atakwambia alitaka kumfanyia surprise. Wanaume wana maneno.

Mke hahesabu mzigo mara moja. Ni tabia ya Karume: unahesabu ukipokea, unahesabu ukifunga. Usiku wa kufunga maboksi akahesabu kumikumi, akafika 398. Akarudia. 398. Hakuuliza kitu. Akaanza kupitia majina, na hakwenda mbali, kwa sababu Kanumba walikuwa wamempanga juu kabisa ili mnunuzi akifungua boksi aanze kutabasamu.

"Baba, Kanumba yuko wapi?"

Mume akajaribu kueleza. Laki na arobaini. Hesabu za bosi. Ada ya mtoto Januari. Yote kweli.

"Yule wa kisiwani hatajua," akamalizia.

"Hatajua," mke akasema. "Hata aliyenifungia lile belo alisema sitajua."

Nyumba ikanyamaza. Lile belo walilijua wote wawili. Miaka mitano nyuma alinunua blauzi za gredi ya kwanza kwa mtaji wote, na mkopo wa kikoba juu. Belo lilikuwa limefunguliwa, nguo zenye roho zikatolewa, likafungwa upya kwa mkanda mpya. Alipolikata sokoni, mbele ya wenzake, zikatoka nguo zilizopauka na moja yenye doa la grisi mgongoni. Alikaa chini palepale. Miezi miwili walikula maandazi aliyokuwa anakaanga kulipa kikoba, na mume ndiye aliyekuwa anayapeleka alfajiri kwenye kijiwe cha bodaboda. Alimlaani aliyelifungua kwa majina yote anayoyajua. Usiku huu yeye ndiye alikuwa ameshika mkanda.

Hakubishana tena, lakini hakuinuka pia. Tatizo lilikuwa ile hamsini: imeshakuwa pistoni. Mke akaingia chumbani, akarudi na pochi ya mtaji, hela ya belo la Alhamisi. Akahesabu elfu hamsini, akaziweka juu ya boksi. "Mrudishie huyo kijana. Ya kisiwani ikiingia, unanirudishia mimi kwanza, kabla ya fundi, kabla ya bosi." Halafu akazima taa ya sebuleni na kwenda kulala, akimwacha mumewe gizani na pesa.

Kijana wa Sinza hakufurahi. Alituma maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa, kisha akamblok. Ana haki yake pia, aliahidiwa.

Asubuhi, 412 zikawa kwenye maboksi mawili, yamefungwa kwa selotepu na kamba ya manila. Ndani ya la kwanza, juu kabisa, Kanumba. Boda mpaka stendi ya Magufuli, Mbezi, pamoja na selotepu, kamba na maboksi mapya, elfu kumi na nane. Picha ya risiti ikaenda saa nne, na saa tano kasoro hela ikawa imeingia. Laki nne na nusu, toa laki tatu na themanini za injini, toa kumi na nane. Hamsini na mbili. Hamsini akapewa bosi kupunguza madeni ya hesabu, bosi akapokea bila neno. Ijumaa jioni bajaji ikatoka gereji. Ikabaki elfu mbili, wakanunua chipsi, watoto wakala.

Nafasi ya maboksi sebuleni ikawa wazi. Pasi ikakosa meza. Kwa siku kadhaa walizungumza mambo ya lazima tu: chumvi imeisha, mtoto anakohoa, luku inakaribia. Mume alikuwa anarudi na hesabu kamili, anaiweka mezani bila kuulizwa, noti moja moja, kama mtu anayetoa ushahidi.

Siku ya kumi na moja, usiku, mbalamwezi nje kama mchana, simu ikaingia ujumbe wa sauti. Nyuma kelele za watu wengi, mmoja anapiga mbao.

"Kaka, shemeji, habari za huko. Mzigo mzuri sana, Kanumba tumemuona siku mbili mfululizo, watu wamelia. Ila leo nimekwama. Kuna hii Part 2 imeganda katikati. Nimeiosha, nimeipaka dawa ya meno, wapi. Nina watu arobaini hapa wameshalipa, wanataka hela yao. Niambieni basi, inaishaje?"

Akataja jina la muvi. Mume akamwangalia mke. Ilikuwa ileile iliyolala chini ya mto siku nne. Kati ya zote 412, hiyo ndiyo ilikodishwa kuliko zote, na michubuko yake ilikuwa ya haki.

"Wewe unaikumbuka?" mume akauliza.

"Niliisubiri siku nne. Nitaisahau?"

Akakaa kwenye kochi, akafuta mikono kwa kanga, akashika simu kama kipaza sauti. Alianza taratibu, kwa sauti ya mtu anayeeleza daktari. Mume akamgusa begani: "Fanya kama Lufufu." Akacheka, akaanza upya. Sasa binti anaingia ndani, anamwambia mama mkwe nimejua kila kitu, mama mkwe anadondosha kikombe, mume akapiga kijiko kwenye sufuria, kwaa! Gari likaja, mume akanguruma kama injini iliyotoka gereji. Mke akalia sauti mbili tofauti, ya binti na ya mdogo mtu. Mtoto wao mkubwa akaamka, akasimama mlangoni na blanketi. Ilikuwa ndefu, ikabidi waitume vipande viwili.

Majibu yalichukua kama robo saa. Kwanza kicheko, kicheko cha watu arobaini kwenye banda la mabati. Kisha sauti ya mzee mmoja ikasogea karibu na simu, haina utani hata kidogo:

"Shemeji, asante. Sasa yule mdogo mtu, si alikuwa na mimba? Mtoto yuko wapi?"

"Alijifungua," mke akasema, akiwa bado hajabonyeza.

"Hakujifungua," mume akasema. "Ile ilikuwa ndoto."

"Ndoto wapi? Mtoto tumemuona na shuka la bluu!"

"Hiyo ni muvi nyingine kabisa, mke wangu."

Wakabishana mpaka saa tano, simu ikiwa katikati yao kwenye kochi inaita, inakata, inaita.